Hii haijafunguliwa?

Jamani, kuna swali moja la Kiswahili ambalo siku hizi nalichukia kuliko lile la mashangazi la "utaoa lini". Ni hili: "Hii haijafunguliwa?"

Ukiuza simu uliyoitumia, ndilo swali la kwanza. Redio, injini ya bodaboda, friji, kompyuta... hilohilo. Muuzaji naye analijua, kwa hiyo anawahi kulijibu kabla hajaulizwa: "Bosi, hii haijawahi kuona bisibisi tangu izaliwe." Na anaapa kwa mama yake mzazi. Nami nilikuwa mmoja wa waulizaji, wala sikuona ubaya wowote, mpaka mwezi uliopita nilipoulizwa mimi. Ilikuwa Mbeya mjini, nimeshika mkononi kitu ambacho kimefunguliwa mara nyingi kuliko mlango wa hoteli ya stendi, na ambacho bila kufunguliwa kingekuwa pambo la mezani hadi leo.

Kitu chenyewe ni kinanda cha mdomo. Najua, mshaanza kucheka. "Kile cha watoto?" Ndiyo, ndugu yake. Nikikiita hamonika watu wanadhani namzungumzia Harmonize, kwa hiyo nimeamua kubaki na Kiswahili, ingawa kwa Kiswahili nako "kinanda" ni kila kitu, kuanzia hiki cha mfukoni hadi kile cha kanisani kinachobebwa na vijana wanne.

Naomba nieleze kidogo maana bila hivyo hamtanielewa. Kile kinanda cha mdomo mnachokiona kwenye filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani kwa kawaida kina matundu 10, na nusu sauti nyingi hakinazo mpaka mpigaji azipinde kwa ulimi na pumzi. Changu ni kromatiki. Kina matundu 12, na upande wa kulia kuna kitufe. Ukipuliza tundu la kwanza unapata do. Ukivuta pumzi palepale unapata re. Ukibonyeza kitufe ukapuliza, do inapanda nusu sauti. Ukibonyeza ukavuta, re nayo inapanda. Sauti 4 kwa kila tundu, mara 12. Maana yake ndani mna ndimi 48 za shaba, nyembamba kama ukucha, zote ndani ya kitu kinachoingia mfuko wa koti. Mwaka 1963 Stevie Wonder alikuwa na miaka 13 wimbo wake uliojaa kinanda cha namna hii ulipofika namba moja Marekani. Na kuna mzee mmoja wa Ubelgiji, Toots Thielemans, aliyefariki mwaka 2016 akiwa na miaka 94, ambaye alikipiga jazi nacho maisha yake yote mpaka wapiga saksafoni wakamheshimu. Huyo ndiye aliyeniharibu. Nilimsikia usiku mmoja nikiwa na zamu, nikasahau kabisa habari niliyokuwa naandika.

Basi nikanunua cha mkono wa pili kwa mzungu wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao. Shilingi 350,000. Nyumbani nilisema 50,000, na hata hiyo ilizua kikao. Ni Hohner ya zamani, kutoka Trossingen, mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani ambako Matthias Hohner alianza kuvitengeneza mwaka 1857. Sahani mbili za shaba zenye ndimi, na katikati yake mbao ya mti wa peasi iliyochongwa vyumba vyumba mfano wa chanuo. Kizuri kwelikweli. Nilikileta Tukuyu nikiwa nimekifunga kwenye sweta kama mtoto mchanga.

Tukuyu ikakimaliza kwa miezi miwili.

Ambaye hajafika Rungwe hawezi kuelewa unyevu. Tuko juu, mita 1,500 na ushee, mlima uko mgongoni na Ziwa Nyasa liko chini kule Kyela, na mvua kwa mwaka inapita milimita 2,000. Ukianika soksi Jumatatu unazivaa Alhamisi zikiwa bado na mawazo. Ile mbao ya peasi ikaanza kunywa maji. Ikavimba. Ikivimba meno ya lile chanuo yanachomoza nje, na ukitelezesha mdomo yanakuchana. Niliwahi kwenda kumhoji mheshimiwa mmoja nikiwa na mdomo wa juu una mstari mwekundu, akaniuliza nimepigwa na nani. Kitufe kikawa kinagoma kurudi. Halafu kuna vifuniko vidogo vya plastiki, kimoja karibu kwa kila ulimi, kazi yake ni kuzuia pumzi isivujie kwenye ulimi usiotumika. Pumzi ya moto ikikutana na chuma cha baridi inageuka maji, vifuniko vinaganda, na kila ukipuliza unasikia "pap!" kama mtu anafungua soda. Dawa yake ni kukipasha moto kwanza. Mimi hukiweka kwapani dakika kumi. Lakini Julai, ukungu ukiwa umekaa hadi saa nne asubuhi, kwapa halitoshi.

Hapo nikagundua jambo ambalo sikulipenda. Zile sahani zilikuwa zimepigiliwa kwa misumari midogo. Ukiing'oa, tundu linapanuka, na ukiirudisha haishiki tena vizuri. Yaani kiwanda kilikitengeneza kwa namna kwamba mwenye mali asiingie. (Matoleo ya baadaye ya kinanda hikihiki yamewekewa skrubu na kiwanda chenyewe. Kumbe hata wao walikuja kukubali.)

Nikakaa nacho wiki tatu bila kukigusa. Naogopa nini? Naogopa lile swali. Nilijua siku nitakayong'oa msumari wa kwanza, zile 350,000 zimekwenda.

Aliyenitoa woga ni mzee mmoja fundi saa, anakaa kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Saa zimeisha siku hizi, kila mtu anaangalia simu, kwa hiyo anatengeneza redio, miwani na chochote kinacholetwa. Nilimwamkia, nikakitoa kwenye sweta.

"Marahaba mwanangu. Imesimama?"

"Si saa, mzee. Ni kinanda."

Akavaa ile lenzi yake ya jicho moja, akachungulia tundu kwa tundu. Akasema, "Hii nayo ni saa tu, ila inapulizwa. Lete Jumamosi, tusifanye haraka."

Tulifanya Jumamosi sita. Natamani ningeweza kuwaonyesha. Misumari ilitoka kwa kuchokonolewa taratibu na kisu, pande zote mbili, milimita kwa milimita. Mbao tuliiacha ikauke polepole, karibu na jiko lakini si juu ya jiko, siku kumi nzima. Kisha tukaweka msasa juu ya kioo cha dirisha, maana kioo ndicho kitu pekee kilichonyooka kweli pale barazani, tukaisugua mbao juu yake hadi meno yakalingana. Mzee akayeyusha nta ya nyuki tuliyoinunua sokoni, tukaipaka mbao yote, vyumba vyote 12 na vya chini yake, ili isinywe maji tena. Badala ya misumari tukapitisha bolti ndogo alizozitoa kwenye redio iliyokufa. Springi ya kitufe akaikunja upya ili iwe laini kwa kidole changu, maana nina kidole cha mtu wa kuandika, si cha mtu wa kulima... (hayo ni maneno yake, nami nimeyaacha yapite).

Kazi kubwa ilikuwa sauti. Rungwe ni nchi ya kwaya. Wamoravian walifika huku mwaka 1891, na watu wa huku wana masikio: sauti ikipotoka kidogo tu kanisa zima linageuka kukutazama. Kinanda changu hakikuwa kimepotoka, ila kilikuwa juu kidogo ya kibodi ya kwaya. Ile la ya katikati kwenye kibodi ni mitetemo 440 kwa sekunde. Viwanda vingi vya Ulaya huvipandisha vinanda vya mdomo kidogo juu ya hapo, inasemekana ili ving'ae. Peke yako hutajua. Ukipiga pamoja na kibodi, unasikia sauti inayumba, wa-wa-wa-wa, kama kuna mtu anatingisha kanisa. Ulimi ukiukwangua kwenye ncha unapanda. Ukiukwangua karibu na ribiti unaposhikiliwa unashuka. Mkwaruzo mmoja, unarudisha, unapiga, unasikiliza, unafungua tena. Ndimi 48.

Ulimi wa kuvuta wa tundu la tisa niliuvunja mimi. Nilikwangua sana, nikapuliza kwa jazba, ukalia kidogo halafu kimya. Niliona giza. Mzee hakusema kitu. Akaenda ndani, akarudi na kinanda cha plastiki cha watoto, kile cha Kichina, akachomoa ulimi mmoja unaokaribia urefu ule, akaukata, akausugua kwa tupa na kuufunga kwa skrubu ndogo ya saa. Unalia. Haulii kama wenzake, una sauti ya pua kidogo, lakini unalia palepale panapotakiwa.

Sasa turudi Mbeya.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amebakiza ada ya muhula. Pengo lilikuwa 300,000, na siku zilikuwa nne. Mimi mshahara ulikuwa umeshaongea. Vitu vyangu vya thamani vilikuwa viwili: kinanda na kamera. Kamera ni ya kazi, kwa hiyo nikasema kinanda kiende. Nilimpata jamaa anayenunua na kuuza vyombo vya muziki, tukaelewana kwenye simu 400,000, maana hizi hazipatikani ovyo. Nikapanda Kosta asubuhi, Kiwira, Isongole, Uyole, mvua njia nzima, nimekikumbatia.

Akakishika. Akapiga do re mi. Nyusi zikapanda. Akapiga tena, safari hii na kitufe, juu hadi chini. "Kaka, hiki kinaitika vizuri sana," akasema. "Ninacho kingine dukani lakini ni kizito, mpaka ukipulize kama unawasha mkaa." Nikaanza kuhesabu hela kichwani. Halafu akakigeuza, akaziona zile bolti.

"Hii imefunguliwa?"

"Imefunguliwa, ndiyo. Ndiyo maana kinaitika."

"Aaah, kaka..." Akakiweka mezani taratibu, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa ana TB. "Elfu themanini."

Nilikuwa na daftari. Sitanii, nina daftari la shule kurasa 40 nilimoandika kila tulichofanya: tarehe, ulimi gani, ulishushwa kiasi gani, nta ilipakwa lini, la tisa limebadilishwa. Nikamfungulia. Hakulitazama. Masikio yake yalikuwa yameshamwambia ukweli dakika tano kabla, lakini macho yameona bolti, na kwa Mbongo bolti ngeni ni kesi iliyokwisha kuhukumiwa.

Na hapo ndipo ninapotaka kugombana nanyi wasomi wenzangu, maana wa mjini ndio tunaoongoza kwa ugonjwa huu. Huyo jamaa hajui, au hataki kujua, kwamba Ulaya na Marekani kuna mafundi ambao kazi yao ni hiyo tu: mpigaji ananunua kinanda kipya kabisa na kumpelekea fundi akifungue, alinganishe mbao, azibe mianya, arekebishe kila ulimi ufuate pumzi yake. Kikitoka hapo bei inapanda, wala haishuki. Mpigaji makini anauliza, "Nani amekifungua?" Na jina la fundi ndilo analolilipia. Hapa kwetu fundi anakaa barazani, ana mikono ileile na subira ileile, halafu kazi yake inahesabiwa kama doa.

Tena tusijidanganye kwamba ni mila. Mkumbukeni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, mwalimu wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 2003. Ilimba ni binamu wa kinanda changu, ndimi za chuma zinazotetema, tofauti ni kwamba yeye anazichezesha kwa vidole gumba. Zawose hakuridhika na ilimba kama alivyoikuta. Akatengeneza kubwa zenye ndimi nyingi kuliko za kawaida, akazitembeza duniani. Na ilimba yoyote ya Kigogo, kabla haijawa ilimba, inatobolewa tundu na kubandikwa utando wa buibui ili ile sauti ipate mkwaruzo wake. Nani angemuuliza mzee Zawose kama ilimba yake haijafunguliwa? Chombo kilikuwa kinaanza pale mkono wa mtu ulipoingia ndani yake. Sasa tunaamini kinaishia hapo.

Halafu cheki kichekesho. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza vitu, kuwabana wenye viwanda vya mashine za kufulia, simu na vingine wakubali kuvitengeneza na wasiwawekee vikwazo mafundi wengine. Wazungu wamefika mahali wanahitaji sheria ili wapate kile ambacho sisi tunacho kila kona ya stendi, na sisi tunakionea aibu.

Najua mtakachosema, na mna haki. Swali lile halikutoka hewani. Limetoka kwenye maumivu. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka simu ibadilishwe kioo, ikarudi na kioo kipya na betri ya zamani kuliko mimi. Fundi simtaji, yeye anajijua. Watu wameibiwa vifaa vya ndani mpaka wamefikia kuamini kilichofungwa na kiwanda ndicho pekee kilicho salama. Sawa. Lakini angalieni swali lenyewe linavyotudanganya. Aliyekuibia betri hatakwambia amefungua, atafunga vizuri na kuapa. Anayekubali kwamba amefungua, tena anakuonyesha daftari, ndiye unayemkata bei. Tumewalipa waongo na kuwatoza faini wakweli, kisha tunashangaa mbona mafundi hawaandiki risiti! Mimi siku hizi nauliza hivi: amefungua nani, alikuta nini, aliweka nini? Mwenye majibu nanunua kwake. Anayeniapia kwa mama yake nampita.

Sikukiuza. Nilirudi Tukuyu nikiwa nimenuna hadi kondakta akanihurumia. Kesho yake nikauza kamera, 450,000, kwa kijana anayepiga picha za harusi. Aliishika, akaipindua, akaniuliza swali moja tu, mnalijua. Nikamjibu haijafunguliwa, na ni kweli, haijawahi kufunguliwa. Hakuuliza kingine. Hakuuliza kwamba jioni mwanga ukipungua ile kamera inashindwa kulenga, inahangaika mbele nyuma mpaka bibi harusi amepita. Nami, Mungu anisamehe, sikusema. Nilishika hela nikaenda kulipa ada.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikampigia, nikamweleza kila kitu, nikamwambia akitaka nimrudishie 100,000, au ampelekee fundi aisafishe ndani.

"Usijali kaka," akasema, mchangamfu kabisa. "Fundi wa nini? Si haijafunguliwa?"

Siku hizi picha za kazi napiga kwa simu. Mhariri analalamika, namwelewa. Jumamosi nimepitia kwa mzee nikampa habari zote. Alicheka mpaka lenzi ikamdondoka. Kisha akanyoosha mkono nimpe kinanda, akapuliza, akavuta, akafika la tisa, akatikisa kichwa. Nta imeanza kuachia pembeni, anasema, na ule ulimi wa Kichina unamkera, amepata kipande cha shaba kinachofaa zaidi.

"Ndaga fijo, mzee," nikamwambia. Nimekiacha kwake. Tunafungua tena wiki ijayo, mvua ikipungua.